Kitambaa Si Mpira Wako: Nahodha wa Timu Anafanya Kazi Gani Hasa?

Nikiwa darasa la tano nilikuwa nahodha wa timu ya mtaani kwetu, na sababu ilikuwa moja tu: mpira ulikuwa wangu. Mjomba alikuja nao sikukuu ya Idd, mpira wa ngozi wa dukani, wakati wenzangu bado walikuwa wanacheza chandimu ya makaratasi na nailoni. Nilipanga kikosi, nilipiga penati zote, na nikifokewa nilikuwa naubeba mpira wangu kwapani naenda zangu nyumbani. Unahodha huo uliisha siku shuti langu mwenyewe lilipoupeleka kwenye uzio wa michongoma. Kesho yake timu ilikuwa na nahodha mwingine na chandimu yake. Hakuna hata aliyenitangazia.

Hayo hunirudia kila msimu unapokaribia na vijiwe kuanza kubishana nani apewe kitambaa. Sikiliza hoja zenyewe. Fulani ndiye nyota wa timu. Fulani ana miaka kumi klabuni. Fulani anajua kufoka, ana sauti. Sizidharau, lakini zote zinajibu swali la nani anastahili heshima, wala hakuna inayogusa kazi yenyewe. Na kazi ya nahodha ni ngumu kuieleza kwa sababu sehemu kubwa yake kamera haiifuati.

Tuanze na mahali ambapo wengi hudhani kuna mamlaka. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu inataka kila timu iwe na nahodha uwanjani. Hapohapo inasema nahodha huyo hana hadhi ya pekee wala upendeleo, ila anabeba kiasi fulani cha wajibu kuhusu mwenendo wa timu yake. Basi. Hana haki ya kubishana na refa kuliko mwenzake yeyote. Hawezi kumtoa mtu nje wala kumwingiza. Kazi yake rasmi inayoonekana ni kusimama katikati ya uwanja na kuchagua upande wa sarafu. Akishinda, tangu 2019, anachagua ama goli la kushambulia kipindi cha kwanza ama kuanza na mpira.

Kidogo hicho kimeongezeka karibuni. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani ilitangazwa kwamba nahodha peke yake ndiye atakayemwendea refa kuuliza juu ya uamuzi mzito. Mwingine akimvamia, kadi ya njano. Nahodha akiwa kipa, timu inataja mchezaji wa ndani afanye kazi hiyo, maana huwezi kumtaka kipa akimbie nusu ya uwanja kila filimbi inapolia. Utaratibu huo umeingia kwenye miongozo ya watunga sheria na mashindano mengine yameshauchukua. Ukiutazama kwa karibu, umemfanya nahodha kuwa mkalimani wa hasira za watu kumi. Ana sekunde chache za kuuliza jambo moja, kwa sauti ambayo refa anaweza kuijibu bila kuvunjiwa heshima mbele ya uwanja mzima, kisha arudi kwa wenzake na jibu watakalolimeza hata kama ni chungu.

Yupo aliyeifanya kazi hiyo kabla sheria haijaiwaza. Mwaka 1950, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay iwe bingwa wa dunia, na mwanzoni mwa kipindi cha pili ikapata bao. Obdulio Varela, nahodha wa Uruguay, akaubeba mpira kwapani akaenda kumdai refa Mwingereza kwamba ilikuwa kuotea, mpaka akahitajika mkalimani. Bao halikufutwa, na sidhani kama alitegemea lifutwe. Alikuwa anatafuta dakika. Uwanja uliokuwa unanguruma kwa furaha ukaanza kuzomea, na mpira ulipowekwa kati ule moto wa bao ulikuwa umeshapungua. Uruguay ilishinda 2-1. Tofauti ya Varela na mimi wa darasa la tano, wote tukiwa na mpira kwapani, ni kwamba yeye alikuwa anawanunulia wenzake muda wa kupumua.

Hata sarafu inaweza kufanyiwa kazi. Nusu fainali ya Euro 2020, iliyochezwa Wembley Julai 2021, Italia na Hispania zilimaliza sare zikaenda kwenye penati. Giorgio Chiellini, nahodha wa Italia, alikuja kwenye sarafu akicheka, akamkumbatia Jordi Alba wa Hispania, akamtania, akamsukuma kama mtu aliyekutana na binamu yake kwenye harusi. Alba alisimama mkavu, hajui acheke au akasirike. Sitasema Italia ilishinda zile penati kwa sababu ya mzaha huo. Penati hupigwa na miguu. Lakini wachezaji wenzake walikuwa wamesimama nusu ya uwanja wanatazama, na walichokiona ni mzee wao hana hofu.

Neno lenyewe, nahodha, limetupotosha kidogo. Lilitufikia kwa njia ya bahari kutoka Kiajemi, likiwa na maana ya bwana wa chombo, na kwa watu wa pwani nahodha ni mtu mkubwa kweli: ndiye anayeamua jahazi litweke lini, lipite wapi, litie nanga wapi. Mwenye mali yupo nchi kavu, lakini baharini hakuna wa kumzidi nahodha. Sasa mtazame nahodha wa mpira. Safari imepangwa na kocha. Kikosi kimepangwa na kocha. Akichoka, kocha huyohuyo anamtoa dakika ya sitini. Kwa kazi anayoifanya, mtu huyu anafanana zaidi na serahangi, msaidizi wa nahodha anayesimamia mabaharia, yule anayepokea amri ya mkubwa na kuigeuza kuwa mikono inayovuta kamba. Serahangi akipeleka amri vibaya, tanga halipandi, hata amri iwe ya busara kiasi gani. Na mabaharia wakinung'unika, kelele hufika kwake kabla ya kufika kwa mkubwa. Ingekuwa juu yangu tungewaita maserahangi, lakini najua jina hilo haliuzi jezi.

Kukaa huko katikati ndiko kunakowachoma wengi. Novemba 2011 wachezaji wa Cameroon walikataa kwenda kucheza mechi ya kirafiki Algeria kwa sababu ya posho. Nahodha alikuwa Samuel Eto'o. Shirikisho la soka la nchi yao likamfungia mechi 15, adhabu iliyopunguzwa baadaye kuwa miezi minane. Ukiwa mchezaji wa akiba kwenye kikosi kile, huna jina, posho yako ndiyo ada ya wadogo zako, utamlaumu Eto'o kwa kukubeba? Ukiwa kiongozi wa shirikisho, utamwita nani mchochezi? Desemba 2021 Eto'o huyohuyo alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho lile. Kwetu pia njia hiyo ipo: Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwenye fainali za Afrika za 1980 mjini Lagos, alikuja kuwa rais wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuanzia 2004 hadi 2013.

Patrice Evra hakupata mwisho mzuri kama huo. Kombe la Dunia 2010, Afrika Kusini, Nicolas Anelka alirudishwa nyumbani baada ya kumtolea kocha Raymond Domenech maneno makali, na wachezaji wa Ufaransa wakagoma kufanya mazoezi, wakajifungia ndani ya basi. Evra ndiye aliyekuwa na kitambaa. Tamko la wachezaji likasomwa mbele ya waandishi na kocha mwenyewe, yaani mtu anayegomewa ndiye aliyewasomea waliomgomea. Evra alifungiwa mechi tano. Naamini kosa lake halikuwa kusimama na wenzake. Nahodha asiyesimama na wenzake ni mnyapara. Kosa ni kwamba mpaka basi linafungwa mlango, ujumbe wa wachezaji haukuwa umefika juu kwa njia ambayo mtu mzima angeweza kuujibu. Nahodha mzuri wa siku kama hiyo angeonekana siku tatu kabla, mlangoni kwa kocha usiku, bila kamera, na sisi tusingejua kamwe.

Kwenye klabu zetu huko katikati kuna mengine ambayo Ulaya hawayajui sana. Nahodha ndiye anayepitisha mchango wa msiba. Ndiye anayefuatwa na kijana aliyesajiliwa kutoka mikoani ambaye hajalipwa fedha ya usajili na anaogopa kuuliza. Kikosi kikiwa na Mkongo, Muivory na Mghana, ndiye anayehakikisha utani wa Kiswahili kwenye chumba cha kubadilishia nguo haumfanyi mgeni adhani anasengenywa. Ukitaka kujua kama klabu imechagua vizuri, usimtazame nahodha; mtazame mgeni wa wiki ya pili anakaa karibu na nani kwenye basi.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho. Kuna timu ya ndondo, mashindano ya mtaani, niliyokuwa naifuata mji mmoja wa pwani. Nahodha wao alikuwa beki wa kushoto, kazi yake kutengeneza pikipiki, na uwanjani walimwita Fundi tu. Hakuwa mchezaji bora wa timu ile, pengine hata wa tano. Robo fainali, uwanja wa shule, vumbi, kipa wao kijana wa kidato cha tatu. Dakika ya ishirini likaja shuti la mbali, jepesi, likampita chini ya tumbo. Mashabiki wa nyuma ya goli wakaangua kicheko. Beki wa kati akanyoosha mikono yote miwili kuionyesha dunia kwamba si yeye.

Fundi alikuja akitembea. Akampita kipa, akapita katikati ya milingoti isiyo na nyavu, akaufuata mpira mpaka miguuni mwa wale wanaocheka, akauokota mwenyewe. Aliporudi akasimama mbele ya kijana, mgongo wake ukiwazuia mashabiki wasimwone uso, akamfunga upya mkanda wa glovu ya kulia. Mkanda haukuwa umefunguka. Akasema kitu kifupi, kijana akatikisa kichwa. Kisha akaenda kwa yule beki wa kati, akamshika bega kama rafiki, na kwa jinsi beki alivyoteremsha ile mikono, nilijua kule hakuambiwa maneno ya kirafiki.

Baada ya mechi nilimuuliza alimwambia nini kipa. "Nilimuuliza kama mama yake kesho anauza vitumbua," akasema. "Ningemwambia asijali, angejua kwamba kuna la kujali."

Ndani ya dakika moja mtu yule alimfunika mmoja na kumkata mwingine, na hakukosea yupi ni yupi. Kufoka kila mtu anaweza. Kutia moyo pia. Kinachomtofautisha nahodha ni kwamba amekaa na hawa watu kiasi cha kujua huyu ukimfokea anaamka na yule ukimfokea anakufa. Kocha analijua hilo kwa sehemu, lakini kocha yuko kando ya mstari, mita arobaini, na sauti yake inaliwa na upepo.

Turudi kwenye hoja ya nyota. Mwaka 1998 Ufaransa ilichukua Kombe la Dunia ikiwa na Zinedine Zidane, aliyefunga mabao mawili ya kichwa kwenye fainali, lakini kitambaa kilikuwa kwa Didier Deschamps, kiungo ambaye Eric Cantona aliwahi kumbeza kuwa ni mbeba maji tu. Mwaka 2006 kitambaa kilikuwa kwa Zidane. Dakika ya 110 ya fainali alimpiga kichwa cha kifua Marco Materazzi, akatoka kwa kadi nyekundu akipita pembeni ya kombe, na wenzake wakabaki kumalizia wenyewe na kupoteza kwa penati. Sitaki kusema nyota hawezi kuwa nahodha. Maradona 1986 na Messi 2022 wananikanusha. Nasema nyota anabeba mzigo wake tayari, na ukimwongezea wa watu wengine lazima ujue mgongo wake.

Aliyelinyanyua kombe usiku ule wa 2006 ni Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia na beki wa kati, na jina lake likavuka bahari mpaka kwa Nadir Haroub wa Yanga, ambaye wengi wetu hatukumwita kwa jina jingine. Cannavaro wetu ndiye aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars mpaka Januari 2016. Mwezi huo Mbwana Samatta alitoka kutwaa tuzo ya CAF ya mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akiwa na TP Mazembe, na kocha Charles Boniface Mkwasa akampa kitambaa. Muda mfupi baadaye Nadir akatangaza kustaafu Stars.

Mimi naona Mkwasa alikuwa na hoja. Samatta si mtu wa kelele na anacheza mbele, mbali na sehemu ambako timu hupangwa. Lakini alikuwa amepita njia ambayo kila kijana pale kambini alitaka kuipita, Lubumbashi, kisha Genk, na baadaye Aston Villa mwaka 2020. Akisema mazoezi ya ziada yanalipa, hahitaji kuinua sauti. Chini yake Stars ilikwenda Misri 2019, fainali za kwanza tangu zile za Tenga, miaka 39. Hata hivyo kumpoteza mkongwe ndani ya siku chache ilikuwa bei, na makocha wengi huisahau wanapopiga hesabu: kitambaa hakihami kimyakimya, kinahama mbele za watu, na aliyevuliwa ni mtu ambaye bado ana marafiki kwenye chumba kile.

Kama unataka darasa refu zaidi la mambo haya, tazama Arsenal, na mashabiki wake wanivumilie. Tony Adams alipewa kitambaa Januari 1988 akiwa na miaka 21 akakaa nacho mpaka alipostaafu 2002. Katikati hapo alifungwa jela kwa kuendesha gari amelewa, na mwaka 1996 akajitokeza kusema ni mlevi. Timu haikumvua. Kisha likaja kundi la waliofuata. William Gallas, Februari 2008 dhidi ya Birmingham City: mshambuliaji wao Eduardo amevunjika mguu dakika za mwanzo, penati ya dakika za nyongeza ikafanya 2-2, na filimbi ya mwisho ilipolia nahodha akakaa chini uwanjani peke yake, akisusa, huku beki wake Gaël Clichy, aliyesababisha ile penati, akihitaji mtu kama Fundi. Arsenal ilikuwa inaongoza ligi. Ilimaliza ya tatu. Granit Xhaka alipigiwa kura na wenzake mwaka 2019, na mwezi mmoja baadaye akazomewa na mashabiki wake wakati anatolewa, akawajibu kwa mkono sikioni na maneno makali, akavuliwa. Aliyempokea, Pierre-Emerick Aubameyang, akavuliwa Desemba 2021 kwa utovu wa nidhamu.

Kisa cha Xhaka ndicho kinachonivutia, kwa sababu kinaharibu nadharia zote. Alichaguliwa na wachezaji wenyewe, njia ambayo wengi tunaiona ya haki kuliko zote, na bado ikashindikana. Lakini mtu huyohuyo ameendelea kuwa nahodha wa Uswisi, akawa nguzo ya Bayer Leverkusen iliyochukua ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi ya ligi 2023/24, na alipofika Sunderland 2025 akapewa kitambaa mara moja. Hakuzaliwa upya. Chumba kilibadilika, umri wake ukabadilika, na kule hakuna aliyekuwa anamtazama kama sababu ya kila kosa. Kwa hiyo mtu akikuambia fulani "si nahodha", muulize: si nahodha wa akina nani?

Swali hilo Kariakoo wanalijua. Mohamed Hussein "Tshabalala" alikaa Simba tangu 2014, akawa nahodha wake, na 2025 akavuka kwenda Yanga. Waliomwimba juzi walimwita msaliti, na upande wa pili wakagundua ghafla kwamba ni mtu mwenye busara.

Mbali na kelele hizo kuna dakika za Simon Kjær, nahodha wa Denmark. Juni 12, 2021, Copenhagen, Denmark na Finland. Christian Eriksen wa Denmark anaanguka bila kuguswa na mtu. Nahodha anafika, anahakikisha mwenzake anaweza kupata hewa, anamlaza vizuri mpaka madaktari wanafika. Kisha anawapanga wachezaji wasimame duara, migongo ndani, ili kamera zisione. Halafu, pamoja na kipa Kasper Schmeichel, anakwenda kwa mwenzi wa Eriksen aliyeshuka uwanjani akilia, anamshika. Hakuna mafunzo ya ukocha yanayompa mtu mpangilio huo wa nani kwanza na nani baadaye.

Ile robo fainali ya ndondo sijaimalizia. Dakika ya sabini Fundi aliteguka goti, akatolewa. Kitambaa chao kilikuwa kipande cha soksi nyeupe. Akamfunga mshambuliaji wao, mfungaji bora wa timu, akatoka akichechemea kukaa kwenye benchi la darasani na barafu ya mfuko juu ya goti. Dakika kumi baadaye vikazuka vurugu karibu na kibendera cha kona. Refa akapuliza, akatenganisha watu, akaita manahodha.

"Nyie nahodha wenu nani?"

Vijana watano wakanyoosha vidole nje, kwenye benchi.

"Nataka wa uwanjani."

Mshambuliaji akainua mkono kuonyesha soksi. Refa akamtazama, akawatazama wale watano, akamtazama Fundi. Fundi akanyoosha kidole kwa mshambuliaji, kisha akainama, akawa anaigeuzageuza ile barafu kana kwamba hakuna kinachoendelea.